Amefumbua macho lakini hasemi: je, mdogo wangu anatusikia?

*"Shikamoo daktari. Tunaishi Uyole, Mbeya. Mdogo wangu wa kiume, miaka 26, alipata ajali ya bodaboda miezi mitatu iliyopita akitokea Igawilo. Hakuvaa helmeti. Alilazwa wiki saba, za mwanzo akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Wiki ya nne akafumbua macho, tukashangilia, lakini hadi leo hajasema neno. Sasa tuko naye nyumbani. Analishwa kwa mrija wa puani, analala usiku na kuamka asubuhi, anapiga miayo, na ukimwekea kidole kiganjani anakibana. Mama akimsemesha Kinyakyusa kuna wakati machozi yanamtoka. Siku ya kuruhusiwa tuliambiwa 'hajitambui', ingawa kipimo cha CT kilionyesha damu kidogo tu na hakupasuliwa. Jirani anasema roho ilishatoka, umebaki mwili. Wenzetu wa kanisani wanasema anasikia kila kitu. Anapewa fenobabitoni (ya degedege) na dawa nyingine ya usiku ya kumtuliza. Baba mdogo anataka tuuze shamba la parachichi la Rungwe tumpeleke nje ya nchi akapimwe ubongo. Je, anatusikia au hatusikii? Na kuna kipimo cha kuonyesha kama fahamu ipo au haipo?"*

Marahaba, dada yangu, na poleni sana, wewe na mama hasa. Nitaanza na jibu, sababu zitafuata. Kwa haya uliyoandika, aliyesema "hajitambui" amesema zaidi ya anachokijua, na wanaosema "anasikia kila kitu" nao vilevile. Kufumbua macho, kulala na kuamka, kupiga miayo, kubana kidole: yote haya mwili unaweza kuyafanya pasipo mwenyewe kujua. Machozi yanayokuja mama anapomsemesha ni habari nyingine, hayo yanastahili kufuatiliwa kwa makini. Tena naona kuna jambo halijapewa uzito unaostahili: dawa zote mbili anazopewa zinaweza kuifunika fahamu hata kama ipo. Kabla ya kugusa shamba, kazi yenu ni mbili: kuondoa vinavyomfunika, kwa msaada wa daktari, na kumuuliza kwa njia ambayo mwili wake unaweza kujibu.

Watu wengi hudhani fahamu ni kitu kimoja, ama ipo ama haipo. Kumbe ndani yake kuna mambo mawili, na yanategemea sehemu tofauti za ubongo. La kwanza ni kuwa macho. Hili linaendeshwa na mtandao wa chembe za neva ulio ndani ya shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo. Mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walionyesha kwamba mtandao huo ukichochewa kwa umeme kidogo kwa paka, mawimbi ya ubongo wake hugeuka mara moja na kuwa kama ya mnyama aliye macho. La pili ni utambuzi: kusikia sauti na kujua ni ya mama, kuona ukuta na kujua uko nyumbani. Hilo linahitaji gamba la ubongo, yaani tabaka la juu, pamoja na thalamasi iliyoko katikati na nyuzi ndefu zinazoziunganisha sehemu hizo ili zirudishiane ujumbe.

Muunganiko huo ndio mzizi wa jambo lote. Ubongo wa binadamu una chembe za neva zipatazo bilioni 86, na takriban bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye ubongo mdogo wa kisogoni. Hata hivyo wapo watu waliozaliwa bila ubongo mdogo, wanayumba wanapotembea na maneno yao hayatoki sawasawa, lakini wanajitambua kama mimi na wewe. Ubongo mdogo umepangwa kwa vipande vingi vinavyofanya kazi kila kimoja kivyake. Gamba na thalamasi vimefumwa kwa namna nyingine kabisa, kila upande unazungumza na mwingine na kujibiwa.

Sasa rudi kwenye ajali. Kichwa kinapopiga chini kwa kasi huku kikizunguka, nyuzi zile ndefu huvutwa na kuchanika sehemu nyingi ndogondogo, nyingine papo hapo na nyingine kwa saa na siku zinazofuata, zinapovimba na kukatika. Majeraha haya ni madogo mno, CT haiyaoni vizuri. CT ni hodari wa kuonyesha mfupa uliovunjika na damu iliyokusanyika, kwa hiyo "damu kidogo tu" haina maana kwamba ubongo uliumia kidogo. MRI huonyesha zaidi, lakini hata hiyo ni picha ya umbo. Haisemi kama mtu anajua yuko wapi.

Shina la ubongo, kama halikuumia sana, hurudi kazini mapema. Ndiyo maana koma ya kweli, ya macho kufungwa muda wote, mara nyingi haivuki wiki nne: mgonjwa akiendelea kuishi, macho hufumbuka. Mdogo wako alifumbua wiki ya nne. Mlishangilia kwa haki, kwa sababu shina lilikuwa limeamka, ila utambuzi hufuata ratiba yake, na wakati mwingine haufuati kabisa.

Kuanzia hapo mgonjwa anaweza kuwa katika mojawapo ya hali tatu. Anaweza kuwa macho bila utambuzi wowote, hali ambayo Bryan Jennett na Fred Plum waliieleza mwaka 1972. Anaweza kuwa na fahamu hafifu, inayokuja na kupotea, leo anafuata kioo kwa macho na kesho hafuati. Vigezo vyake viliwekwa rasmi mwaka 2002. Na mara chache anaweza kuwa amefungiwa ndani: sehemu ya mbele ya shina imeumia, mwili wote umepooza, akili iko timamu, na kilichobaki ni kupepesa na kupeleka macho juu na chini. Hali hii husababishwa zaidi na kiharusi kuliko ajali, lakini kuichunguza hakuna gharama. Leo hii simama mbele yake umwambie: "Tazama juu." Subiri. "Tazama chini." Subiri. Kama macho yanatii kila mara, usingoje kumaliza kusoma, piga simu hospitali.

Kuhusu kauli ya jirani. Habari za roho siyo za kupimwa maabara, nami sitajifanya kuzipima. Lakini kama anamaanisha ubongo umekufa, hapana. Mtu ambaye ubongo wake wote umekufa hapumui mwenyewe, hapigi miayo, hakohoi, hana kulala wala kuamka. Mdogo wako anapumua, anapiga miayo, analala na kuamka, bila mashine. Familia nyingi huchanganya kufa kwa ubongo na kutoonekana kujitambua, zikakata tamaa mapema.

Kumkosea mgonjwa wa namna hii ni rahisi, hata kwa wataalamu. Mwaka 2009 Caroline Schnakers na wenzake nchini Ubelgiji waliwapima upya wagonjwa 44 ambao timu zao za matibabu zilikubaliana kuwa hawana utambuzi. Walipotumia kipimo cha hatua kwa hatua, chenye kioo, amri na muda maalumu wa kusubiri, 18 kati yao walionyesha dalili za fahamu. Hiyo ni asilimia 41. Hawakutumia mashine yoyote ya gharama, walimuuliza mgonjwa kwa utaratibu tu.

Vipimo vya mashine navyo vipo, na historia yake inasisimua. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake huko Uingereza walimweka kwenye mashine ya kuchora kazi za ubongo mwanamke wa miaka 23, miezi mitano baada ya ajali ya gari, ambaye hakuitikia chochote. Wakamwambia afikirie anacheza tenisi, kisha afikirie anatembea nyumbani kwake chumba hadi chumba. Sehemu za ubongo zilizofanya kazi zilikuwa zilezile zinazofanya kazi kwa watu wazima wa afya wakiambiwa vivyo hivyo. Mwaka 2010 kundi hilo na wenzao wa Ubelgiji waliwapima wagonjwa 54; watano waliweza kuiongoza akili yao hivyo, na mmoja alitumia tenisi na nyumba kujibu maswali ya ndiyo na hapana. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya hospitali kadhaa kwa pamoja: kati ya watu 241 ambao hawakuonekana kutii amri yoyote kitandani, 60, yaani robo, walizitii ndani ya ubongo.

Ukishasoma robo, soma na sehemu ya pili ya utafiti huohuo. Walipimwa pia watu 112 ambao tayari walikuwa wakitii amri kitandani waziwazi. Mashine ziliwakamata 43 tu. Waliobaki walikuwa na fahamu na kipimo hakikuiona, pengine kwa uchovu, kwa kusahau amri katikati, au kwa kusinzia. Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo: kipo kipimo kinachoweza kuonyesha fahamu ipo, hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha haipo.

Kipimo kinachonipa matumaini zaidi kwa siku zijazo ni kile cha kundi la Marcello Massimini wa Italia. Wanagonga ubongo kwa pigo fupi la sumaku kutoka nje ya fuvu, kisha wanasikiliza mwangwi wake kwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo kinachochukuliwa juu ya ngozi ya kichwa. Mtu aliye macho, mwangwi husambaa kwa mpangilio tata unaobadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mtu aliye katika usingizi mzito au chini ya dawa za upasuaji, mwangwi hufia pale ulipogongwa au husambaa ukiwa wa aina moja tu. Mwaka 2013 walitoa namna ya kuupima utata huo kwa namba moja. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa hatakiwi kusikia, kuelewa wala kutii, ila kwa sasa bado ni kazi ya vituo vya utafiti.

Kwa nini muunganiko ule uzae hisia ya kuwa mimi, hilo sayansi haijalijua. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya wazi ya fahamu kwenye ubongo itakuwa imepatikana. Juni 2023, huko New York, Koch alikubali kwamba ameshindwa dau hilo, akamkabidhi mwenzake mvinyo. Nalitaja hili ili mtu yeyote akikuahidi kwamba mashine yake itakuonyesha fahamu ya mdogo wako kwa asilimia mia, ujue anauza kitu ambacho hana.

Sasa tuje kitandani. Chagueni asubuhi, ameshasafishwa na kupumzika nusu saa, si mara tu baada ya chakula wala dawa. Mketisheni mgongo ukiegemea mito, kichwa kikishikiliwa, kwa sababu kukaa huamsha ubongo kuliko kulala chali. Zimeni redio na televisheni, na azungumze mtu mmoja tu. Futeni macho tongotongo. Na kwa baridi yenu ya Uyole, hasa Juni na Julai, angalieni mikono. Mgonjwa huyu kwa kawaida hufunikwa blanketi mbili au tatu hadi kidevuni, na kidole gumba kikinyanyuka huko ndani hakuna wa kukiona. Toeni mikono nje, ipasheni joto, iweke juu ya mto. Akisinzia, mbonyezeni misuli kwa nguvu ya wastani kuanzia usoni, shingoni, begani, mkononi, kushuka hadi mguuni, kila sehemu mara tatu au nne, kisha mwendelee.

Anzeni na kioo cha mkononi. Kishike sentimita 10 hadi 15 mbele ya uso wake ajione, kisha kipeleke polepole kulia, kushoto, juu na chini, kila upande digrii 45 hivi, mara mbili mbili. Macho yakikifuata kioo bila kukatika angalau mara mbili, hiyo ni moja ya dalili za mapema za fahamu kurudi. Kidole, tochi au mtu anayepita havifai sana hapa. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha baadhi ya wagonjwa wanaofuata sura yao wenyewe kiooni hawafuati vitu hivyo.

Baada ya kioo ni amri, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Acheni kabisa kumwambia "nibane mkono". Kiganja kikiguswa hufunga chenyewe pale ambapo sehemu za mbele za ubongo zimeumia, kama cha mtoto mchanga, kwa hiyo kubana hakukuambii kitu. Kumwambia "niachie" na akaachia kuna uzito zaidi. Kumwambia "pepesa" nako ni mtego, kwa sababu sisi sote hupepesa mara kumi na tano au ishirini kwa dakika bila kuambiwa. Mwambie "fumba macho, usiyafumbue mpaka nikuambie", au "nyanyua kidole gumba" kwa mkono ambao mmeona hauna kupooza.

Kwanza mtazame dakika moja nzima bila kusema neno, uhesabu kitendo hicho kimetokea mara ngapi chenyewe. Halafu toa amri mara moja, kwa sauti ya kawaida, unyamaze sekunde kumi. Ubongo ulioumia huchelewa. Mtu anayerudia "nyanyua, nyanyua, haya nyanyua" anamkatiza mgonjwa akiwa bado anaitafuta njia. Pumzika, kisha toa tena, jumla mara nne. Akitii mara tatu kati ya nne, na katika ile dakika ya ukimya kitendo hakikutokea au kilitokea mara moja tu, mna habari kubwa mikononi. Amri zitolewe kwa lugha aliyokulia, na kama Kinyakyusa ndicho cha nyumbani, basi mama ndiye atoe. Aliyekuwa naye wodini akumbuke pia: siku ya ajali sikioni ilitoka damu au maji? Mfupa wa sikio ukivunjika huweza kuacha uziwi, na kiziwi ataonekana hajitambui. Mwandikieni kwenye boksi kwa herufi kubwa FUMBA MACHO, mmwonyeshe.

Machozi nayo yana namna yake ya kupimwa. Tazameni kama yanatoka jicho moja tu. Jicho lisilofunga vizuri kwa sababu neva ya uso iliumia hukauka na kutiririka, na hilo linahitaji dawa ya kulilinda, halina uhusiano na huzuni. Kama ni macho yote mawili, mama amsemeshe dakika tano, siku nyingine mtu asiyemfahamu amsemeshe dakika tano habari za bei ya viazi, saa ileile, naye aketi palepale. Andikeni machozi yalitoka lini na hayakutoka lini. Yakifuata maneno ya mama tu, mara kwa mara, hiyo inahesabika miongoni mwa dalili za fahamu hafifu.

Nakusihi kuhusu kuandika. Mapenzi huona yanachotamani. Anayetoa amri asiwe anayehesabu, na kila mara asiyoitikia iandikwe sawa na aliyoitikia. Fanyeni hivi angalau siku tano tofauti ndani ya wiki mbili, maana fahamu hafifu huja na kwenda, na kipimo cha siku moja hukosa wengi. Rekodini kwa simu dakika mbili au tatu, uso na mikono vyote vikionekana. Daktari anayemwona mgonjwa dakika kumi kliniki, amechoka kwa safari, atasaidiwa sana na video hizo.

Akianza kutii kwa uhakika, mjengeeni ndiyo na hapana: macho juu ni ndiyo, chini ni hapana. Mumuulize mambo sita mnayoyajua, nusu jibu lake ndiyo na nusu hapana, yakichanganywa. Kupata yote sita kwa kubahatisha ni mara moja katika 64. Msianze na maswali mazito ya kama anateseka au anataka nini. Hayo yangoje mpaka majibu yake yaaminike.

Yote haya yanaweza kushindikana kama dawa zinamlaza. Fenobabitoni hupunguza kasi ya ubongo mzima, na dawa za kutuliza kama diazepamu au haloperidoli zinaweza hata kuchelewesha kupona. Mwulizeni daktari swali hili waziwazi: je, aliwahi kupata degedege baada ya wiki ya kwanza? Dawa ya kuzuia degedege baada ya jeraha la kichwa ina faida iliyothibitika kwa siku saba za mwanzo. Kwa asiyewahi kupata degedege, kuendelea nayo mwezi wa tatu kunahitaji sababu. Kama aliwahi, zipo dawa zinazolaza kidogo, kama levetirasetamu. Lakini msiikatishe wenyewe hata siku moja. Fenobabitoni ikiachwa ghafla huleta degedege mfululizo linaloweza kuua. Hupunguzwa taratibu, chini ya daktari.

Kuna mengine mawili yanayotibika, na hayo ndiyo yangenipeleka hospitali wiki hii. Maji ya ubongo yanaweza kujikusanya wiki au miezi baada ya ajali, na ile damu "kidogo" inaweza kuongezeka polepole chini ya fuvu. Yote mawili humzamisha mgonjwa ambaye angekuwa anaamka, na yote mawili CT huyaona vizuri sana. CT ya siku ya ajali haiwezi kujibu swali la leo. Anzeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ombeni CT ya marudio, na mwulizie EEG, kwa sababu lipo degedege la kimya ambalo halitikisi mwili bali huuzima utambuzi. Pamoja na hayo wapime damu: chumvi ya sodiamu, sukari, figo, malaria, na mkojo pia kama ana mpira. Choo kigumu cha wiki nzima au kidonda cha mgongoni vinaweza kummaliza nguvu zote ambazo angezitumia kukujibu. Akikutwa na maji ya ubongo au damu inayohitaji kutolewa, rufaa ya kwenda MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) ina maana, na hapo nauli ya Dar es Salaam ni pesa iliyotumika vizuri.

Dawa ya kuamsha mnayoweza kuijadili na daktari ni amantadini. Mwaka 2012 Joseph Giacino na wenzake walitoa matokeo ya watu 184 walioumia kichwa wiki 4 hadi 16 kabla ya kuingia kwenye utafiti. Waliopewa, kuanzia miligramu 100 mara mbili kwa siku na kupandishwa hadi 200 mara mbili, walipona kwa kasi zaidi katika zile wiki nne za dawa. Ilipoachwa, kasi ilipungua na wenzao wakawakaribia. Inasaidia kiasi, haifanyi miujiza, na mdogo wako bado yumo ndani ya muda uliopimwa. Ila huweza kuchochea degedege na hutolewa mwilini na figo, ndiyo maana haifai kununuliwa duka la dawa bila daktari. Zolipidemu nayo, dawa ya usingizi, huwaamsha wachache sana kwa saa kadhaa. Wengi huwalaza tu.

Shamba, kwa maoni yangu, lisiuzwe kwa ajili ya kipimo. Mashine ya nje ikisema "fahamu ipo", mtarudi Uyole kufanya kazi ileile ya kioo, mazoezi na lishe. Ikisema "haijaonekana", mtakuwa hamjaambiwa kwamba haipo. Tena safari ndefu kwa mgonjwa anayelishwa kwa mrija ina hatari zake. Pesa kidogo iliyopo iende kwenye CT, godoro zuri, mtaalamu wa fiziotherapia wa kuwafundisha kunyoosha viungo visikakamae, na chakula chenye nguvu: uji uliochujwa vizuri usizibe mrija, maziwa, mayai, parachichi lililopondwa na kuchujwa. Baada ya kila mlo mrija usafishwe kwa maji safi, naye abaki ameinuliwa digrii 30 hadi 45 kwa saa nzima. Usiku na mchana ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Wenzenu wa kanisani waendelee kumwombea, na wakija wamwimbie nyimbo alizozizoea. Ila asifungishwe kula, wala asimiminiwe maji, mafuta au uji mdomoni. Hawezi kulinda njia ya hewa, kinachomiminwa huingia kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo inaweza kumuua. Kumfukiza chini ya blanketi pia ni hatari kwa sababu hawezi kusema anaungua.

Muda bado upo. Aliyeumia kwa ajali ana nafasi nzuri kuliko aliyekosa hewa kwa kuzama au moyo kusimama, na mwongozo wa madaktari wa neva wa Marekani wa mwaka 2018 uliacha kuiita hali hii "ya kudumu". Kwa majeraha ya ajali unasubiri miezi 12 ndipo uiite sugu, na hata baada ya hapo wachache hupata nafuu. Sitakuficha upande wa pili: kila mwezi unaopita bila dalili hupunguza nafasi, na wengi wanaorejea wakiwa wamechelewa hubaki wakihitaji msaada wa kila siku.

Wakati mnasubiri, msemesheni kana kwamba anasikia. Mtaje jina lake, mwambie ni nani aliyeingia na unataka kumfanyia nini kabla hujamgusa. Mambo ya shamba na ya mazishi yazungumziwe nje. Kama hasikii, hamjapoteza kitu. Kama anasikia, mmemtunzia utu wake.

Mkimbizeni hospitali bila kungoja kliniki akipata homa kali, akipumua kwa shida, akitapika mara kwa mara, akitetemeka upande mmoja au macho yakivutwa upande mmoja, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mrija ukichomoka, au akiacha kufanya jambo ambalo wiki iliyopita alikuwa akilifanya. Hilo la mwisho familia hulipuuza, ilhali ndilo linaloashiria maji au damu inayokandamiza ubongo. Mkienda, bebeni karatasi ya kuruhusiwa, CT ya mwanzo, vifurushi vya dawa zote, daftari lenu la amri na zile video.